Mama Amefariki, Ankara Zinakuja kwa Jina Langu

Mpendwa Mshauri,

Mama yetu alifariki mwanzoni mwa mwaka huu katika makao ya wazee, alikokuwa akitunzwa tangu alipopata kiharusi kilichompooza upande wa kulia. Mimi ni kifungua mimba, na nina mdogo wangu mmoja wa kiume. Baba alitangulia mbele ya haki tukiwa bado shuleni. Ninakuandikia kwa sababu tangu tumalize mazishi simu yangu haitulii, na kila anayepiga anadai fedha.

Nianze na makao. Siku mama alipopokelewa hakuweza kushika kalamu, hivyo nilipewa fomu ya kurasa nyingi nitie saini mimi, huku muuguzi akimsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu kuelekea chumbani. Ada ililipwa kutoka kwenye pensheni yake na akiba aliyokuwa nayo benki, kwa kuwa mapema kabla ya kuugua alikwisha kunipa hati ya uwakala ya kusimamia akaunti yake. Baadaye alihitaji uangalizi wa usiku, ada ikapanda, akiba ikapungua na malimbikizo yakaanza. Sasa nimeletewa ankara yenye mafungu manne: malimbikizo hayo, ada ya mwezi mzima aliofariki, ingawa alifariki katika wiki ya pili, ada ya siku 30 "badala ya notisi", na gharama ya kusafisha chumba na kukipaka rangi. Juu ya ankara limeandikwa jina langu, si la mama. Mhasibu aliponipigia alisema, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba mimi ndiye niliyetia saini na kwamba suala hili litapelekwa kwa mwanasheria wao.

Jambo la pili ni nyumba. Mama hakuwahi kuiachia nyumba aliyokuwa amepanga, kwa sababu hadi miezi ya mwisho alikuwa akisema kwamba mguu ukipata nguvu atarudi kwake. Mdogo wangu alikuwa amepoteza kazi, akahamia humo ili avilinde vyombo. Mkataba una jina la mama peke yake na kodi ilikuwa ikitoka kwenye akaunti yake. Tangu afariki haijalipwa. Mwenye nyumba ameniambia nilipe au nitoe vitu kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo atabadilisha kufuli na kushikilia samani. Mdogo wangu anasema hatoki, kwamba kodi hiyo ni ya mirathi, na kwamba deni la marehemu huzikwa naye. Mama mdogo naye ananiambia kila tunapoonana kwamba dawa ya deni ni kulipa, kwamba dada yake hawezi kupumzika huku watu wakimdai, na kwamba mwenye kazi ni mimi.

Kadi ya benki ya mama ninayo na namba yake ya siri naijua. Kuna fedha humo, lakini hazifikii jumla ya madai. Mimi mwenyewe nina akiba niliyoiweka kwa ajili ya masomo ya binti yangu, ambaye ataingia chuo mwakani. Mume wangu amesema uamuzi ni wangu, ila naona anavyonyamaza kila ninapoitaja akiba hiyo.

Mama hakuacha wosia, angalau hatujauona. Hatujafungua mirathi, kwa sababu mdogo wangu anasema hakuna cha kurithi zaidi ya samani na jokofu. Je, nilipe ili niishi kwa amani? Nitumie kadi ya mama kulipa madeni ya mama? Na mdogo wangu nimtoe kwenye nyumba au nimwache apambane mwenyewe na mwenye nyumba? Kinachoniuma zaidi ni kwamba mama alikuwa mtu wa kulipa kabla ya tarehe, na sasa jina lake linatajwa kama la mdaiwa sugu.

Kifungua Mimba

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole sana kwa msiba, na pole kwa kulazimika kuomboleza huku ukijibu simu za wahasibu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikiirudia naona kwamba maswali uliyoyaweka mwishoni ni matatu, lakini chini yake kuna swali moja ambalo hukuliuliza waziwazi: deni hili ni la nani? Makao yanasema ni lako kwa sababu ulitia saini. Mwenye nyumba anasema ni lako kwa sababu wewe ndiye unayepokea simu. Mama mdogo anasema ni lako kwa sababu una kazi. Mdogo wako anasema si la mtu yeyote. Hakuna hata mmoja kati yao anayezungumzia kile ambacho, katika sehemu nyingi za dunia, ndicho mdaiwa wa kwanza, yaani mali aliyoiacha mama.

Kanuni ya jumla katika nchi zilizofuata sheria ya Kiingereza, zikiwemo Kenya na Tanzania, ni kwamba deni la marehemu hulipwa kutoka kwenye mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana chochote, na mali hiyo ikiisha kabla ya madeni kuisha, wadai hupata hasara kwa sehemu iliyobaki. Mtoto hawi mdaiwa kwa kuwa tu ni mtoto. Sheria ya Kiislamu nayo inalitanguliza deni mbele ya mgao wa warithi, kama inavyotajwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 11, na deni hilo hutolewa katika alichokiacha marehemu. Utaona basi kwamba mama mdogo na mdogo wako kila mmoja ameshika kipande cha ukweli: deni halizikwi, maana mali ya mama inawajibika nalo, lakini pia haliruki kaburi na kutua mabegani mwako.

Hata hivyo sitaki ulichukue hili kama kinga isiyopenyeka, kwa sababu nchi hazifanani. Ujerumani, kwa mfano, mrithi huyapokea madeni pamoja na mali, na sheria inampa wiki 6 tangu alipopata habari ili aukatae urithi kama hautaki. Ufaransa mrithi anaweza kukubali yote, kukataa yote, au kukubali kwa kiwango kisichozidi mali iliyoachwa. Katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mahakama iliwahi mwaka 2012 kumwamuru mtoto alipe ada ambazo mama yake alidaiwa na makao ya uangalizi, kwa kutumia sheria inayowabana watoto kuwatunza wazazi wasiojiweza. Kwa hiyo swali la kwanza la kumpelekea mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria ni hili: hapa tulipo, je, mtoto anaweza kudaiwa matunzo ya mzazi, na je, kuna muda wa mwisho wa kuukataa urithi? Ukikuta muda wa namna hiyo upo, huo ndio wa kuuwahi, hata kabla ya tishio la mwenye nyumba.

Sasa tuje kwenye saini yako, maana hapo ndipo nguvu ya makao ilipo, kama ipo. Omba nakala kamili ya mkataba, kurasa zote, uketi mahali pa utulivu usome maneno yaliyo juu na chini ya jina lako. Mtu anaweza kutia saini kwenye fomu ya kupokelewa akiwa katika nafasi tofauti kabisa. Anaweza kuwa ametia saini kama ndugu wa kuwasiliana naye, na huyo hadaiwi kitu. Anaweza kuwa ametia saini kwa niaba ya mgonjwa, kwa mamlaka ya hati ya uwakala, na hapo aliyefungwa na mkataba ni mgonjwa. Au anaweza kuwa ametia saini kama mdhamini, yaani mtu aliyeahidi kwamba mgonjwa asipolipa, atalipa yeye. Nafasi hiyo ya tatu ndiyo peke yake inayoweza kuigusa akiba ya binti yako. Na hata ukikuta umeandikwa mdhamini, bado kuna ya kuuliza: je, ulielezwa? Je, dhamana hiyo ina kikomo? Ilikuhusu hata baada ya ada kupandishwa kwa ajili ya uangalizi wa usiku, na je, uliarifiwa kwa maandishi ilipopandishwa? Kuna mahali ambapo dhamana ya aina hii ina mipaka ya kisheria. Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inayakataza makao ya uuguzi yanayopokea malipo ya Medicare na Medicaid, mipango ya serikali ya kugharimia matibabu, kumlazimisha mtu mwingine awe mdhamini kama sharti la mgonjwa kupokelewa. Sisemi kwamba sheria kama hiyo inakuhusu wewe. Ninasema tu kwamba kauli ya mhasibu, "ulitia saini", inaanzisha mazungumzo, haiyafungi.

Uichambue pia ankara yenyewe fungu kwa fungu, kwa sababu mafungu yake manne hayana uzito sawa. Malimbikizo ya siku ambazo mama alilala pale, akalishwa, akaogeshwa na kugeuzwa kitandani usiku, yanaelekea kuwa deni halali la mama, na nadhani wewe mwenyewe hulipingi. Ada ya mwezi mzima inategemea mkataba unasema nini kuhusu kifo: baadhi ya mikataba hukatisha ada siku ya kufariki, mingine huiendeleza kwa siku kadhaa ili familia ipate nafasi ya kuondoa vitu chumbani. Ada badala ya notisi inahitaji kuulizwa kwa sauti kubwa zaidi. Notisi ni wajibu wa mtu anayeamua kuondoka, na marehemu hakuamua. Kama mkataba hautaji kifo waziwazi, waombe wakuonyeshe kifungu wanachokitegemea. Waulize pia chumba kilichukuliwa na mtu mwingine lini, kwa kuwa kutoza kitanda kimoja mara mbili kwa siku zilezile ni jambo gumu kulitetea. Rangi na usafi kwa kawaida ni gharama ya kuendesha biashara, isipokuwa kama kulikuwa na uharibifu unaozidi uchakavu wa kawaida. Na usisahau kuuliza kama mama aliweka amana alipopokelewa, maana katika ankara za namna hii fedha iliyotangulia kulipwa husahaulika kwa urahisi wa kushangaza.

Unapowajibu, jibu kwa maandishi, kwa heshima na kwa ufupi. Waeleze kwamba umeipokea ankara, kwamba unaomba mchanganuo pamoja na nakala ya mkataba, na kwamba madai yatafikishwa kwa msimamizi wa mirathi atakapoteuliwa. Usiandike "nitalipa", na usitume kiasi kidogo kutoka mfukoni mwako ili kuonyesha nia njema. Malipo ya namna hiyo yanaweza kuja kutajwa kama ushahidi kwamba ulilikubali deni kuwa lako. Kwenye simu sema kidogo zaidi. Mhasibu anafanya kazi aliyotumwa, wala hana sababu ya kuwa adui yako, lakini naye anaandika kila unalolitamka.

Kuhusu kadi ya benki, nitazungumza kwa tahadhari kubwa kuliko mahali pengine popote katika jibu hili. Naelewa mantiki yako: fedha ni za mama, deni ni la mama, hivyo kuna ubaya gani? Tatizo ni kwamba mamlaka uliyopewa kwa hati ya uwakala yalikoma pumzi ya mama ilipokoma. Kuanzia siku hiyo akaunti ile ni sehemu ya mirathi, na mtu anayeitumia bila kibali anaweza kuonekana ameingilia mali ya marehemu, hata kama kila shilingi aliyoitoa ililipa deni la kweli. Nchini Kenya, kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinalifanya jambo hilo kuwa kosa la jinai, na anayelitenda huwajibika pia kwa thamani ya mali aliyoigusa. Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi na nyumbani. Siku mtakapogombana wewe na mdogo wako, naye akaomba taarifa ya akaunti, atakachokiona ni fedha zilizotolewa baada ya tarehe iliyo kwenye cheti cha kifo. Hataona risiti ulizozihifadhi kwenye bahasha. Ipo njia nyepesi ya kuanzia: iarifu benki, peleka cheti cha kifo, na uulize kama wanaweza kulipa gharama za mazishi moja kwa moja kwa aliyetoa huduma, jambo ambalo benki nyingi huliruhusu hata kabla ya hati ya usimamizi kutolewa. Kama akaunti ilikuwa ya pamoja kati yako na mama, hali inaweza kuwa tofauti, lakini barua yako inaonyesha kwamba ilikuwa yake peke yake.

Hapo ndipo ninapotaka kuuliza kuhusu dhana kwamba mirathi haina haja ya kufunguliwa kwa kuwa hakuna cha kurithi. Mdogo wako anaifikiria mirathi kama mgao. Mirathi ni pia njia ya kuyafunga madeni kwa utaratibu, na pale ambapo mali ni ndogo kuliko madai ndipo inapohitajika zaidi. Msimamizi aliyeteuliwa ndiye anayeweza kuzungumza na benki, kuyakataa madai yasiyo na msingi, kuuza samani kihalali na kuvunja mkataba wa nyumba. Anafuata pia mpangilio wa malipo, ambao mahali pengi huanza na gharama za mazishi na za kusimamia mirathi, kisha wadai wenye rehani, halafu wengine. Akikosea, kwa mfano akamlipa mdai mmoja chote huku wengine wenye haki sawa wakikosa, anaweza kutakiwa kufidia kwa fedha zake. Kazi hiyo ina mzigo, kwa hiyo sikushawishi uikimbilie. Unaweza kuiomba wewe, mnaweza kuiomba wawili, au mkamwomba mtu mwingine anayeaminika. Sehemu nyingi zina utaratibu mfupi na nafuu kwa mirathi ndogo, na inafaa kuuliza mahakamani kabla ya kuamini kwamba gharama zitaimeza mali yote.

Nyumba ni suala la aina nyingine, kwa sababu kila siku inayopita inaongeza deni. Watu wengi hudhani kwamba mpangaji akifariki mkataba umekufa naye. Wakati mwingine ndivyo: Ufaransa, chini ya sheria ya upangaji ya mwaka 1989, mkataba wa nyumba ya kuishi hukoma kwa kifo cha mpangaji kama hakuna mtu wa nyumbani mwenye haki ya kuuendeleza. Ujerumani mambo ni kinyume, kwani mkataba unaweza kuendelea na warithi, nao na mwenye nyumba hupewa mwezi mmoja, tangu wajue habari ya kifo, wa kutoa notisi ya kuuvunja. Uingereza nako kifo peke yake hakiumalizi upangaji, hivyo kodi huendelea kuhesabiwa juu ya mirathi hadi mkataba utakapovunjwa kwa njia inayotakiwa. Soma mkataba wa mama ujue unasimama wapi, halafu mwandikie mwenye nyumba barua ya kumjulisha rasmi kuhusu kifo, pamoja na nakala ya cheti. Mkumbushe kwa adabu kwamba kubadilisha kufuli na kushikilia mali bila amri ya mahakama ni jambo ambalo sheria za nchi nyingi hazimruhusu, hata kama kodi kweli anadai. Lakini pia usimwone kama mnyang'anyi. Ana nyumba isiyomwingizia kitu, ina mtu asiyemfahamu ndani yake, na hakuna aliyemwandikia kumweleza kinachoendelea.

Mtu huyo aliye ndani ni mdogo wako, na nadhani hapa ndipo barua yako iliposema machache kuliko inavyojua. Unauliza kama umtoe au umwache apambane. Je, kuna mtu aliyemuuliza ataenda wapi? Amepoteza kazi, amempoteza mama, na paa lililobaki ni lile lililokuwa la mama. Anaposema "sitoki" huenda hazungumzii sheria hata kidogo. Pamoja na hayo, hoja yake kwamba kodi yote ni ya mirathi ina tundu: kodi iliyolimbikizwa hadi siku ya kifo ni ya mama bila shaka, lakini kwa siku zilizofuata yeye ndiye anayelala humo, na mirathi inaweza kumtaka arudishe thamani ya makazi hayo au ikatwe kwenye fungu lake. Tena, akiendelea kukaa huku wewe ukilipa, utakuwa umeanzisha mpango ambao hakuna aliyeukubali kwa mdomo na ambao utakuwa mgumu kuusitisha.

Njia zilizopo ni kadhaa. Moja ni kuvunja mkataba mapema, jambo linalosimamisha deni, lakini linamwacha yeye bila makazi na linawalazimu kuhamisha vitu vya mama kabla ya mirathi kuwa na msimamizi. Nyingine ni mdogo wako kuomba mkataba mpya kwa jina lake. Mwenye nyumba anaweza kukubali kama ataona ana kipato, au kama kutakuwa na mtu wa kumdhamini. Tafadhali liangalie kwa makini ombi la udhamini likikujia, kwa sababu litakuja na litaonekana dogo. Au mnaweza kukubaliana na mwenye nyumba juu ya muda mfupi unaojulikana, mathalani siku 60, mdogo wako alipe sehemu fulani kama mkaaji, na malimbikizo ya mama yasubiri msimamizi. Hilo linahitaji mwenye nyumba mwenye subira na karatasi yenye saini ya kila upande, ikieleza kwamba hakuna kati yenu anayejitwisha deni la marehemu.

Njia yoyote mtakayoifuata, vitu visihamishwe kabla hamjaviorodhesha. Nenda pale na mdogo wako, pamoja na shahidi mmoja asiye na maslahi, mpige picha kila chumba, muandike samani na hali zake, na msome mita za maji na umeme. Droo za karatasi zifungueni taratibu. Kadi ya bima ya maisha iliyosahaulika, kitabu cha chama cha kuweka na kukopa au risiti ya amana ya nyumba inaweza kubadilisha hesabu yote, na huenda hata wosia mnaodhani haupo umo humo.

Limebaki swali la kulipa kutoka mfukoni mwako, na sitakuamulia. Kuna watu waliolipa deni la mzazi ambalo sheria haikuwabana nalo, na hawajajuta. Kuna pia waliolipa kwa sababu walikuwa wamechoka kusemwa, na baada ya mwaka mmoja hawazungumzi na ndugu zao. Ukiona moyo wako unakupeleka huko, zipo namna za kupunguza hatari: subiri ankara ichambuliwe ili ulipe kilicho halali tu, andika kwamba unalipa kwa niaba ya mirathi na unatarajia kurejeshewa, huku ukijua kwamba mali isipotosha hutarejeshewa, na zungumza na mume wako kabla ya fedha kutoka, maana ukimya wake unaweza kuwa na hoja ambayo hajaisema kwa kuogopa kuonekana anahesabu fedha katikati ya msiba. Ukiona usilipe, nalo lina bei yake: barua za wanasheria, labda wito wa mahakama kama kweli saini yako ni ya mdhamini, na maneno ya mama mdogo. Kwake yeye, pengine kitakachomtuliza ni kuonyeshwa kwamba madai yameandikwa, yamepangwa na yana mtu anayeyashughulikia. Anaposema dada yake adumishiwe heshima, hajasema ni lazima fedha hizo zitoke kwenye masomo ya mjukuu wa dada huyohuyo.

Ninalo neno moja kuhusu jina la mama. Unaandika kana kwamba malimbikizo yale yamemgeuza kuwa mtu mwingine. Gharama ya uangalizi wa saa 24 huimaliza akiba ya watu waliofanya kazi na kujinyima maisha yao yote. Wanaoendesha makao wanalijua hilo kuliko sisi, na sidhani kama kuna mtu katika ofisi ile anayemwita mdaiwa sugu. Neno hilo nimeliona kwenye barua yako tu.

Kabla hujampigia mtu yeyote hesabu ya kilichomo kwenye akaunti, iarifu ofisi ya pensheni kuhusu kifo kama hujafanya hivyo. Pensheni iliyoingia baada ya tarehe ya kufariki mara nyingi hudaiwa irudishwe, na ikiwa imekwisha kulipia ankara za wengine, utakuwa na mdai wa tatu ambaye hana haja ya kukupigia simu.